Kadi Moja kwa Akaunti Zote: Nani Anashika Funguo?

Novemba 2013, kampuni changa ya San Francisco iitwayo Coin ilianza kupokea oda za kadi nyeusi yenye kitufe kimoja na kioo kidogo. Ahadi yake ilieleweka upesi: ingiza humo kadi zako za benki, hadi nane, bonyeza kitufe uchague unayoitaka, kisha ipitishe kwenye mashine kama kadi nyingine yoyote. Walioagiza mapema walilipa dola 50, nusu ya bei iliyotangazwa, na lengo la kuchangisha dola 50,000 lilitimia kabla saa moja haijaisha. Mwaka uliofuata ikaja Plastc, dola 155, nafasi ya kadi 20 na kioo cha kugusa cha wino wa kielektroniki. Swyp ikasema 25. Mwaka 2017 Fuze, kutoka Korea Kusini, ikafika 30. Ngoma ikilia sana hupasuka. Coin ilizima huduma yake mwishoni mwa Februari 2017. Aprili mwaka huohuo Plastc ilifunga milango baada ya kukusanya zaidi ya dola milioni 9 za oda, na wateja wake hawakupata kadi hata moja. Stratos ya Michigan angalau iliwafikishia watu kadi mwaka 2015, lakini mwaka huo haukuisha kabla haijaishiwa pumzi.

Maelezo yanayorudiwa kila mara ni kwamba simu ndiyo iliyoziua. Yana ukweli, ila hayatoshi. Apple Pay, huduma ya Apple ya kulipa kwa simu, ilianza Oktoba 2014, na wakati huo maduka mengi ya Marekani hayakuwa na mashine za kugusisha. Kadi ya plastiki ilikuwa bado na uwanja mpana. Kilichoziangusha kimo ndani ya muundo wake: zilinakili sehemu pekee ya kadi ya benki inayonakilika, katika miaka ileile ambayo wenye mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, walikuwa wanaitupa sehemu hiyo.

Sehemu yenyewe ni utepe wa sumaku. Una njia tatu, na malipo hutumia mbili za kwanza. Njia ya kwanza hubeba hadi herufi na tarakimu 79, jina la mwenye kadi likiwamo. Ya pili hubeba alama 40, tarakimu na vitenganishi tu. Humo kuna namba ya kadi, tarehe ya mwisho, namba tatu za huduma na tarakimu chache ambazo benki huzitumia kuhakiki kwamba utepe haukutungwa. Hakuna kilichofichwa. Kisomeo chochote cha bei ya chini huyasoma yote, na hakuna kinachobadilika kati ya malipo ya leo na ya kesho.

Kwa sababu hiyo, kampuni hizi ziliweza kumtumia mteja kisomeo kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la spika za masikioni za simu na kumwachia kazi yote. Anapitisha kadi yake, programu inahifadhi njia mbili za utepe, anapiga picha ya kadi, anaandika tarakimu tatu za nyuma, na jina lililosomwa linalinganishwa na jina la akaunti yake. Baada ya hapo data inasafiri kwa Bluetooth hadi kwenye kadi mpya. Benki haikuulizwa lolote katika hatua hizi. Wauzaji wa kadi hizi waliliona hilo kuwa sifa, eti hakuna kusubiri kibali cha mtu. Hapo ndipo kasoro ilipoanzia.

Kadi mpya haina utepe wa kawaida, bali koili nyembamba, yaani waya uliozungushwa, iliyolala mahali pa utepe. Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika ili kichwa cha kisomeo kidhani kuna utepe unaopita. Kwenye mashine ya kuswaipu ya dukani hila hii hufanya kazi vizuri kiasi, ingawa ina udhaifu wake. Katika utepe wa kweli, data hukaa mahali, kwa hiyo mkono ukienda haraka data nayo husomwa haraka. Koili hutangaza kwa saa yake yenyewe, hivyo ni lazima ijue hasa ni lini kichwa cha kisomeo kimefika. Ikichelewa kuamka, mwanzo wa ujumbe hupotea na mashine hukataa. Kuna pia suala la njia mbili zilizo karibu mno: uga wa njia ya pili huvuja hadi kwenye kichwa cha njia ya kwanza, na kisomeo kikali huona takataka.

Mashine za kuchomeka na kuchomoa, kama zile za pampu za mafuta, ni tabu zaidi, kwa kuwa nyingine husoma kadi inapoingia na nyingine inapotoka. ATM inayovuta kadi kwa mota ndiyo mbaya kuliko zote. Nyingi zina kichwa kidogo mlangoni kinachohakiki kwanza kama kuna utepe kabla ya kufungua, na koili iliyolala haitoi chochote cha kuhakiki. Hata ikifunguliwa, unene wa kadi nao ni mtihani. Kipimo cha kimataifa ni milimita 85.60 kwa 53.98, unene 0.76. Ndani ya unene huo mhandisi anatakiwa aweke betri, bodi ya saketi, redio, koili na kioo, kisha kitu hicho kikaliwe kwenye mfuko wa nyuma wa suruali kwa miaka miwili. Nyuzi za saketi hukatika kwenye mikunjo, na betri iliyofungiwa ndani haibadilishwi. Betri ya Coin ilikadiriwa kudumu miaka miwili. Ikifa, kadi zako zote zinakufa nayo.

Hayo ni matatizo ya uhandisi, na wahandisi wakipewa fedha na muda huyapunguza. Lile ambalo mhandisi halipunguzi limo katika zile namba tatu za huduma.

Namba ya kwanza kati ya hizo ikiwa 1, kadi ni ya kimataifa isiyo na chipu. Ikiwa 2, ni ya kimataifa yenye chipu. Mashine yenye kisomeo cha chipu ikipitishiwa utepe wenye 2, haimalizi malipo, inamwambia muuzaji achomeke kadi. Kadi ya kunakili haina chipu ya benki ya kuchomeka, kwa hiyo safari inaishia hapo. Mtu anaweza kuwaza: basi nibadilishe 2 iwe 1. Haiwezekani, maana tarakimu za uhakiki zilizo kwenye utepe hukokotolewa na benki kwa funguo zake za siri kutokana na namba ya kadi, tarehe ya mwisho na namba hizohizo za huduma. Ukigusa mojawapo, hesabu haikubali na benki inakataa malipo.

Oktoba 1, 2015, kanuni za mitandao ya kadi Marekani zilibadilika: hasara ya kadi bandia ikaanza kumwangukia yule ambaye hajaweka chipu, awe benki au mwenye duka. Maduka yakawa na sababu ya kifedha ya kuwasha visomeo vya chipu. Coin ilikuwa imeanza kuwafikia wateja wengi miezi michache tu kabla ya tarehe hiyo. Kila duka lililowasha kisomeo lilikuwa duka moja zaidi ambamo kadi ile ilikataliwa ilipobeba nakala ya kadi yenye chipu. Utepe wenyewe nao una tarehe ya kuzikwa: Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba kuanzia 2024 benki za nchi nyingi hazitalazimika kuuweka, kwamba kuanzia 2029 kadi mpya hazitakuwa nao, na kwamba kufikia 2033 hautaonekana kwenye kadi yake yoyote ya mkopo au debiti.

Chipu hainakiliki kwa njia hii kwa sababu haitoi siri yake, inaitumia tu. Mashine inaipa chipu kiasi cha malipo, tarehe na namba ya kubahatisha. Chipu inachanganya hayo na hesabu yake ya miamala, inayapitisha kwenye ufunguo uliozikwa ndani, na inatoa muhuri wa malipo hayo tu. Benki, yenye ufunguo wa kulingana, inakokotoa upya na kulinganisha. Anayenasa muhuri wa leo hana cha kufanya nao kesho. Na hata anayenasa data ya chipu akataka kuiandika kwenye utepe atakwama, kwani tarakimu za uhakiki za chipu si zile za utepe.

Je, chipu moja haiwezi kubeba kadi kumi? Inaweza, tena bila jasho. Chipu ya malipo ni kompyuta ndogo inayobeba programu kadhaa, kila moja na kitambulisho chake, na mashine inapoamka huuliza kwanza: una programu zipi? Kadi zenye debiti na mkopo kwenye plastiki moja zimekuwa kawaida Brazil kwa miaka mingi: muuzaji anauliza ulipe kwa ipi, anabonyeza, kwisha. Lakini tazama kwamba kadi hiyo ni ya benki moja. Ili benki ya pili iweke programu yake kwenye chipu ileile, lazima ya kwanza imfungulie mshindani chumba ndani ya kadi iliyoilipia, yenye nembo yake, na ambayo mkataba wake kwa kawaida unasema ni mali yake. Nembo ya nani itakaa mbele? Nani atamtumia mteja nyingine ikipotea? Benki moja ikifunga akaunti, nani atafuta chumba chake? Viwango vya kiufundi vya kugawa vyumba hivyo vipo siku nyingi. Kinachokosekana ni sababu ya benki kukubali, na kwa maoni yangu haitapatikana, kwa kuwa nafasi ya juu kwenye pochi ya mteja ndiyo mali ambayo benki hupigania.

Kwa hiyo mtu anayetangaza leo kadi ya kubeba zote ana njia tatu tu. Ananakili utepe, na hiyo tumeimaliza. Au anajiweka katikati, anakupa kadi yake mwenyewe na kuzidai kadi zako kwa nyuma. Au anaziomba benki tokeni, yaani namba mbadala za kulipia badala ya namba halisi za kadi. Swali la kumuuliza ni moja: ninapolipa, mashine inaona namba ya nani?

Njia ya kujiweka katikati inajulikana zaidi kupitia Curve ya Uingereza. Kwenye Curve unapata kadi halisi ya Mastercard, yenye chipu na namba ya siri, na hiyo ndiyo mashine inaiona. Ukilipa, mfumo wao unaidai papo hapo kadi uliyoichagua kwenye programu, kana kwamba umenunua mtandaoni, kisha unamjibu muuzaji ndiyo au hapana. Unaweza hata kuhamisha malipo yaliyokwisha fanyika kutoka kadi moja hadi nyingine, ndani ya muda uliowekwa. Ni werevu wa kweli, na mashine za chipu hazina la kulalamika.

Tatizo liko kwenye hesabu. Kila malipo ya kadi yana makato ambayo benki ya duka huilipa benki iliyotoa kadi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2015, makato hayo hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na Uingereza ilifuata kanuni hiyohiyo. Chukua malipo ya 100 na kadi ya katikati ya aina ya debiti. Aliye katikati anapokea 0.20 upande wa mbele. Upande wa nyuma, akiidai kadi yako ya mkopo, yeye ndiye duka: anakatwa 0.30, pamoja na ada za mtandao na za kampuni inayomchakatia malipo. Kabla hajalipa mshahara wa mtu, amepoteza. Ndiyo maana huduma za namna hii huishia kuuza usajili wa kila mwezi, kuweka ukomo wa miamala ya bure nje ya nchi, na kutoza ada kwa aina fulani za malipo, kodi za serikali zikiwamo. Asiyeona ada leo aitarajie.

Kuna athari nyingine ambazo tangazo halizitaji. Sheria ya Mikopo ya Wateja ya Uingereza, kifungu cha 75, inaifanya benki ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa inayozidi pauni 100 hadi 30,000. Ulinzi huo unategemea mnyororo wa moja kwa moja kati yako, benki na muuzaji. Akiingia wa nne, mnyororo unakatika, na unabaki na ahadi ya kampuni ya katikati badala ya haki ya kisheria. Halafu kuna uwezekano wa nguzo moja kuanguka na nyumba nzima. Juni 2020, Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilipoporomoka, mamlaka ya Uingereza ilisimamisha tawi lake lililokuwa linatoa kadi kwa niaba ya kampuni kadhaa, Curve ikiwamo. Wateja wenye fedha salama kabisa kwenye benki zao walijikuta na kadi isiyolipa. Curve ilihamia mfumo mwingine ndani ya siku chache, jambo la kupongezwa, lakini aliyekuwa safarini bila kadi ya asili mfukoni hakuhitaji maelezo zaidi.

Njia ya tokeni ndiyo iliyoshinda, kwa vile inaanza kwa kuiuliza benki. Unapoingiza kadi kwenye pochi ya simu, namba yako inapelekwa kwa usimbaji, yaani ikiwa imefichwa kwa fumbo, hadi huduma ya tokeni ya mtandao wa kadi, nayo huifikisha kwa benki. Benki ina majibu matatu: sawa, hapana, au subiri tuhakikishe, kwa ujumbe wenye tarakimu au kwa simu. Ikikubali, simu inapewa namba mbadala na funguo zake, zinazofanya kazi kwenye kifaa hicho tu. Duka haliioni namba halisi.

Udhaifu uko kwenye lile jibu la tatu. Mapema 2015 huko Marekani wezi waliingiza kadi zilizoibwa kwenye Apple Pay, na baadhi ya benki ziliwahakiki kwa maswali ya simu ambayo majibu yake yalikuwa yameibwa pamoja na kadi. Usimbaji haukuvunjwa, mlango ulifunguliwa na mhudumu. Mpaka leo ujumbe wenye tarakimu za kuongeza kadi kwenye pochi ndio matapeli wanaoutafuta zaidi, na anayewasomea kwa simu amewapa kadi yenyewe.

Linganisha na Fuze. Mwaka 2018 mtafiti alionyesha kwamba mtu akiishika kadi hiyo kwa muda mfupi angeweza kuifungua kupitia Bluetooth na kutoa namba zote zilizohifadhiwa, maana kadi haikudai uthibitisho wowote. Tokeni ikiibwa, unaifuta na kadi ya asili inaendelea. Utepe ulionakiliwa ukiibwa, unapigia simu benki zote ulizoziingiza humo.

Hata Coin iliona upepo unakoelekea. Toleo lake la pili la 2015 lilikuwa na redio ya kugusisha, na Januari 2016 ilitangaza ushirikiano na Mastercard wa kuweka malipo kwenye saa na vifaa vya kuvaa. Fitbit, watengenezaji wa saa za mazoezi, ilipoinunua Mei 2016 ilichukua teknolojia hiyo ya malipo ya vifaa vya kuvaa. Kadi nyeusi yenye kitufe haikuwamo kwenye mpango.

Kwa anayetaka kupunguza pochi sasa, mambo machache huwakwaza watu hata wakichagua njia sahihi. Tarakimu nne za mwisho za tokeni si zile za kadi yako. Ukirudisha bidhaa na duka likaomba nne za mwisho zilizo kwenye risiti, fungua pochi, gusa maelezo ya kadi, soma namba ya kifaa. Kama ulilipa kwa saa, namba ya saa ni tofauti na ya simu, na fedha hurudishwa kupitia namba ya kifaa kilicholipa. Usiifute tokeni wakati unasubiri kurejeshewa; benki nyingi huunganisha hata hivyo, lakini utaongeza siku za kusubiri.

Angalia pia kadi ya chaguo-msingi mara tu unapoongeza mpya, kwani si nadra kugundua mwezi mzima umelipa kwa kadi isiyo sahihi. Kwenye simu za Android zinazotumia funguo za muda, simu isiyo na intaneti kwa muda mrefu huishiwa funguo na kukataa kulipa hadi iunganishwe. Benki ikikupa kadi mpya kwa sababu ya tarehe kuisha, tokeni kwa kawaida husasishwa nyuma ya pazia bila wewe kuingiza chochote.

Dhamana ni habari nyingine. Hoteli, kampuni za kukodisha magari na pampu za kujihudumia hushikilia kiasi cha fedha kwanza na kukata kiasi halisi baadaye. Kwenye kadi ya katikati, kiasi hicho kinashikiliwa mara mbili kimantiki: kwao, na kwenye kadi yako ya nyuma. Moja ikiachiliwa, nyingine inaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, na kama kadi ya nyuma ni ya debiti, fedha hizo huzioni kwenye salio. Kampuni nyingi za magari bado hudai kadi ya plastiki yenye jina la dereva, na hapo simu haisaidii.

Plastiki utakayobakiza basi iwe moja, ya benki na mtandao tofauti na ile ya chaguo-msingi kwenye simu, na isikae kwenye kifuniko cha simu hiyohiyo. Ipitishe kwenye ATM mara moja baada ya kuipata, kwa chipu na namba ya siri: benki nyingi huacha kugusisha kukiwa kumefungwa hadi chipu itumike mara ya kwanza.